Presha ya kusimama, presha ya kutembea: shajara ya bomba la inchi sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo ilikuwa kuangalia tu. Kiwanda ni cha kushona sare, kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam: magodauni mawili, cherehani mia na ushee, majora ya vitambaa yamepangwa hadi usawa wa kifua. Watu wa bima wamegoma kuhuisha mkataba mpaka paa liwe na springla, vile vichwa vya darini vinavyofunguka vyenyewe na kumwaga maji moto ukizuka. Bosi hana ugomvi na springla zenyewe. Aliuona kwa macho yake moto wa soko la Kariakoo, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na anasema harufu ya kitambaa kilichoungua haijamtoka puani hadi leo. Ugomvi wake ni bei. Kwake yeye nusu ya kazi imeshafanyika: bomba la kasti (chuma cha kumimina kwenye kalibu) la inchi sita limepita uani tangu miaka ya 60, lina haidranti tatu, midomo ya kuungia mpira wa zimamoto, zilizopakwa rangi nyekundu, na kwenye chumba cha mita kuna geji inayosoma baa 2.5 (baa ya presha, si ile ya bia, tuko Ramadhani).

"Maji yapo, presha ipo. Wewe unganisha tu, dada injinia."

Nikamwomba fundi wa kiwanda afunge vali ya kuingilia na kufungua koki ya kumwagia. Maji yakatoka kwa nguvu, yakapungua, yakakatika. Mshale wa geji ukabaki pale pale, 2.5. Ilikufa zamani, na hakuna aliyeweza kuniambia ni lini. Bosi akacheka. Mimi nikaandika: *geji mpya mbili, zipimwe kwanza kabla ya kuja nazo.*

Jumatano, 5 Machi

Mezani, na kikokotoo. Bima wanafuata kanuni ya Ulaya, EN 12845. Humo kiwanda cha nguo kinaangukia hatari ya kawaida, kundi la 3: maji ya milimita 5 kwa dakika, juu ya eneo la mita za mraba 216, kwa dakika 60. Asiyezoea namba hizi afikirie mvua ya milimita 300 ndani ya saa moja. Masika yetu, pamoja na vurugu zake zote, hayamwagi hivyo.

Kichwa kimoja cha springla cha K80 (K ni namba ya kiasi cha maji kinachopitisha kwa presha fulani) kikilinda mita za mraba 12 kinadai lita 60 kwa dakika. Ili kizitoe kinahitaji kama baa 0.56 mdomoni pake. Vichwa 18 vikifunguka kwa pamoja ni lita 1,080. Lakini vile vilivyo karibu na bomba kuu humwaga zaidi ya vya mwisho, kwa hiyo hesabu ya kununulia maji ni kubwa kuliko hiyo. Nimechukua lita 1,350 kwa dakika kwa baa 1.4 kwenye vali ya kudhibiti, na juu yake baa 0.6 ya kupandisha maji mita 6 hadi darini. Jumla baa 2.0.

Hilo ndilo swali lote la kazi hii. Bomba la uani linaweza kuleta lita 1,350 kwa dakika likiwa bado limebaki na baa 2.0, au haliwezi? Geji, hata ingekuwa nzima, isingejibu. Maji yaliyosimama yana presha ileile ndani ya bomba safi na ndani ya bomba lililozibwa robo tatu. Tofauti huonekana yakianza kutembea.

Ijumaa, 7 Machi, saa nane usiku

Tumepima usiku kwa sababu mbili. Mchana saa tano geji mpya ilisoma 0.9, kwa kuwa mji mzima umefungua mabomba. Na nilitaka kuliona bomba katika ubora wake: likishindwa usiku, hakuna haja ya kulisumbua mchana.

Mzee amekuja. Ni fundi bomba mstaafu, bosi alimtafuta kwa sababu ndiye aliyebaki anayejua bomba limepita wapi chini ya zege. Nikamwamkia, akaitika marahaba binti yangu, kisha akanitembeza uani kwa tochi na fimbo, anagonga ardhi na kusema "hapa", "hapa limepinda", "hapa usichimbe, kuna waya wa umeme". Michoro haipo. Michoro ni yeye.

Jinsi tulivyopanga: geji A kwenye haidranti ya kwanza, geji B kwenye ya pili, mita 120 mbele yake, na maji yamwagwe haidranti ya tatu kupitia mdomo laini wa milimita 38, nami nishike pito mbele ya mkondo. Pito ni kijibomba chenye geji, unakiweka katikati ya maji yanayoruka na kinakusomea nguvu ya mkondo. Ukijua upana wa mdomo unapata lita: kwa mdomo wetu, 933 mara kipeuo cha pili cha presha.

Kabla ya kufungua, A 2.6, B 2.6. Uwanja ni tambarare, hakuna cha kusahihisha. Tukafungua.

Pito: 0.3. Yaani lita 511 kwa dakika. B ikaanguka hadi 0.4.

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu fundi wa kiwanda alikuwa ameshakaa kwenye ndoo anakula daku, wali na maharage, huku maji yanampitia miguuni. Mzee hakula. Alikuwa amesimama kwenye chumba cha vali ya kuingilia, kiganja juu ya gurudumu.

"Binti yangu, hii vali haijafunguka."

Fundi akaapa kwamba ameifungua mpaka mwisho. Mzee akamwambia aifunge, kisha aifungue tena huku akihesabu mizunguko kwa sauti. Tisa. Vali ya geti ya inchi sita haifunguki kwa tisa. Hesabu ya mafundi ni mara tatu ya inchi, ongeza mbili au tatu, kwa hiyo tulipaswa kufika ishirini au ishirini na moja. Gurudumu linagota, mtu anadhani amemaliza, kumbe geti limekwama kati ya njia.

Mimi nina digrii na pito. Vali nilikuwa nimeiandika kwenye daftari langu: *wazi*.

Jumanne, 11 Machi

Vali imetolewa. Bolti nne kati ya nane zilikatwa kwa msumeno, hazikukubali kufunguka. Ndani shina limepinda na geti limeng'ang'ania kutu. Mpya imewekwa kwa gasketi mpya, mizunguko 21, nimeihesabu mwenyewe mara mbili. Kabla haijafungwa nilimulika ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Nitaeleza nilichokiona tukishakata kipande, maana tochi hukuza mambo.

Alhamisi, 13 Machi, saa nane usiku

Marudio. Kusimama: 2.6 na 2.6, kama mwanzo. Hii inafaa kukaririwa: vali iliyokuwa imekwama haikupunguza hata nukta moja ya presha ya kusimama.

Kutembea: pito 0.8, sawa na lita 834 kwa dakika. A 1.43, B 1.10.

Siiamini pito peke yake, kwa hiyo mdomo tukauelekeza kwenye simtank ya lita 5,000 iliyokuwa tupu, nikashika saa. Ilijaa kwa dakika sita na sekunde chache. Lita 830 hivi. Sasa naamini.

Ijumaa, 14 Machi

Hesabu, na habari si njema.

Kutoka 2.6 hadi 1.10 tumepoteza baa 1.5 kwa lita 834. Tukihitaji kubaki na baa 2.0 tunaruhusiwa kupoteza 0.6 tu, na kwa 0.6 bomba linatoa kama lita 508. Tunahitaji 1,350. Hata tukilikamua mpaka presha iishe kabisa linafika lita 1,120, na hapo maji yanatoka bila nguvu ya kupanda popote. Hiyo ni saa nane usiku. Saa tano asubuhi, na baa 0.9 ya kuanzia, hakuna cha kujadili. Siku ya mgao ndiyo kabisa.

Kwa hiyo kuunganisha springla moja kwa moja na maji ya mjini, hapana. Hilo limekwisha. Limebaki swali la pili, ambalo bosi ameliuliza kabla sijamaliza sentensi: tukiweka tanki na pampu yetu, je, bomba la uani linaweza kubeba maji kutoka kwenye pampu hadi godauni? Kuchimba mtaro mpya mita 180 chini ya zege si pesa ndogo.

Tofauti ya A na B ndiyo inayoanza kujibu. Baa 0.33 kwa mita 120. Fomula ya Hazen na Williams ina kigezo C, kipimo cha ulaini wa ndani ya bomba: plastiki 150, kasti iliyosilibwa saruji 140, kasti tupu 100 wakati wa kubuni mfumo. Nikiingiza namba zetu, C inatoka 50. Kwa maji yaleyale, bomba hili linakula presha mara 3.6 ya linavyotakiwa.

Au, kwa njia nyingine ambayo bosi aliielewa haraka zaidi: ni kama si bomba la milimita 150 tena, bali la 115. Kipenyo kina adhabu kali sana kwenye fomula, kinapandishwa kwa kipeo cha 4.87. Ukipunguza kidogo unalipa kwa wingi.

"Mia na kumi na tano," akasema. "Na mimi nalipia la mia na hamsini."

Sikumwelewa analilipia nani, lakini nilimwitikia.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza. Mtaro ulijaa usiku, asubuhi ikawa kuchota kwa ndoo hadi saa nne. Kisha tukakata kipande cha sentimita 40, mita kama 70 kutoka kwenye vali, mahali Mzee alipochagua. Kwa nje juu ya kasti, tarakimu zilizotoka kwenye kalibu: 1961. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kuleta maji mjini 1959, kwa hiyo bomba hili ni mdogo wake kwa miaka miwili.

Ndani. Aliyewahi kutembea kwenye miamba ya Kunduchi maji yakikupwa anajua matumbawe yalivyo: vichuguu, vidole, matundu. Ndivyo lilivyo bomba hili, ila kwa rangi ya kahawia na nyeusi. Vifundo vya kutu vimeota pande zote, vingine virefu kama kifundo cha kidole gumba. Nilipima uwazi kwa kaliperi katika sehemu sita: kati ya milimita 110 na 125. Ile 115 ya juzi nilidhani ni ya karatasi, nikashangaa kuigusa kwa mkono.

Kifundo kimoja nilikivunja. Ndani ni uji mweusi, na harufu ya yai viza. Hiyo mara nyingi ni kazi ya vijidudu wanaoishi chini ya kutu pasipo hewa. Mgao nao unasaidia kuua bomba: maji yakikatika hewa inaingia, chuma chenye unyevu kinapata oksijeni mpya, maji yakirudi yanaisukuma kutu iliyolegea mbele. Bomba linalojaa na kukauka kila wiki huzeeka kuliko lenye maji muda wote.

Na hapa ndipo hofu yangu kubwa kuhusu springla. Tundu la kichwa cha K80 ni kama milimita 13 tu. Kifundo kimoja kilichong'oka kinalitosha. Siku ya moto, pampu inawaka, maji yanakimbia kwa kasi ambayo bomba halijaiona kwa miaka 60, na ndiyo siku magamba yote yanang'oka kwa pamoja. Ungesema basi tulisafishe kwanza kwa kukimbiza maji ndani yake. Kusafisha kwa namna hiyo kunataka kasi ya mita 3 kwa sekunde, ambayo kwa bomba la inchi sita ni zaidi ya lita 3,200 kwa dakika. Sisi tumepata 834 kwa taabu.

Kwa nje mambo ni tofauti, na mabaya zaidi. Bomba linaonekana zima, mviringo safi, hata rangi ya lami imebaki mahali. Kijana aliyekuja na kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti alipata namba zinazorukaruka, kumi, saba, kumi na moja, akaanza kulaumu betri. Mzee akatoa kisu mfukoni, akakigandamiza upande wa chini, kule bomba linakolalia udongo mweusi unaoshika maji. Kisu kikazama. Kilichotoka ni unga mlaini wa kijivu unaopaka vidole kama risasi ya penseli.

Si mfano tu, ni kitu kilekile. Kasti ya kizamani ina kaboni ndani yake katika umbo la grafiti. Udongo wenye chumvi na unyevu hula chuma na kuacha grafiti ikiwa imesimama katika umbo la bomba. Macho yanaona bomba. Kipimo cha sauti kinachanganyikiwa. Kwenye kipande chetu ukuta una milimita 11, na chuma chenyewe hasa, baada ya kukwangua, kimebaki milimita 4 mahali pembamba kabisa.

Kipande nimekipeleka ofisini kwa bosi na kukiweka juu ya meza, kwenye gazeti. Sikusema kitu. Kilichuruzika maji meusi hadi kwenye ankara zake.

Jumatano, 26 Machi

Kupima presha kwa pampu ya mkono. Pande zote mbili tumeziba kwa flenji pofu, yaani vifuniko vya chuma visivyo na tundu, pamoja na mahali tulipokata kipande. Mfumo mpya wa springla hupimwa kwa baa 15 au mara moja na nusu ya presha ya kazi, ile iliyo kubwa, kwa saa mbili. Sikuwa na nia ya kufika huko na kasti ya 1961. Pampu yetu ingefanya kazi kama kwa baa 6, nikasema tupande ngazi kwa ngazi.

Baa 3, dakika 30: imetulia. Baa 5, dakika 30: imeshuka hadi 4.7. Baa 7: nilikuwa nimewaweka vijana mbali na mtaro, na nilifanya vyema. Halikupasuka, ila viungo viwili vilianza kulia, kwanza matone, kisha utepe mwembamba wa maji. Viungo vya zama zile vimezibwa kwa kamba iliyoshindiliwa na juu yake risasi iliyoyeyushwa. Mzee anasema akiwa kijana alishika sufuria ya risasi hiyo kwa koleo, bila glavu. Baada ya nusu saa geji ilikuwa 4.6 nikafungua kumwaga.

Jumatano, 2 Aprili

Kikao, baada ya Idi. Bosi amekuja na mshauri wake, binamu, ambaye amesikia kwamba mabomba ya zamani hukwanguliwa na kusilibwa saruji ndani yakawa mapya. Ni kweli, kazi hiyo ipo na ni nzuri: ulaini unarudi. Nikamwambia saruji itarudisha njia ya maji, haitarudisha chuma. Ukuta wa grafiti utabaki wa grafiti, na viungo vitabaki vya risasi. Kwa bomba la kusambaza maji ya kunywa kwa baa mbili ningelifikiria. Kwa bomba linalokaa kimya miaka kumi, kisha siku moja linapigwa na pampu ya moto kwa sekunde chache, hapana.

Akauliza kuhusu simtank sita za lita 10,000 zilizo juu ya mnara. Ni lita 60,000, na ndizo zinazolisha vyoo na pasi za mvuke. Mnara una mita 6, yaani baa 0.6. Bosi mwenyewe alimkatiza binamu: "Hiyo nimeshaelewa, songa mbele."

Tulipokubaliana:

Tanki la chini la meta za ujazo 135, kiasi ambacho EN 12845 inakitaja kwa kundi hili. Kanuni inaruhusu tanki dogo ikiwa maji ya kuingia ni ya uhakika wakati wa moto. Nilikataa kwa neno moja, mgao, na hakuna aliyebisha. Pampu mbili, ya umeme na ya dizeli, na ndogo ya kushikilia presha. Bomba jipya jeusi la plastiki kutoka chumba cha pampu hadi vali za kudhibiti, lipite kando ya ukuta wa mashariki, si chini ya zege. Njia inarefuka mita 40 lakini hatuvunji sakafu, na kwa plastiki mita 40 hazina uzito kwenye hesabu.

Bomba la zamani hatulitupi. Hapa bosi alinyanyua kichwa. Tanki linatakiwa liweze kujazwa upya ndani ya saa 36, ambayo ni wastani wa lita 63 kwa dakika. Bomba lililoshindwa kutoa 1,350 linatoa 300 usiku bila kutokwa jasho, kwa presha yake ya kawaida isiyoumiza viungo. Litajaza tanki kutokea juu ya usawa wa maji ili maji ya tanki yasirudi mjini, kupitia chujio, na magamba yatakayopita yatatua chini ya tanki kabla hayajafika kwenye mdomo wa pampu.

Haidranti tatu nyekundu zinavuliwa, mpya tatu zitatoka kwenye bomba la pampu. Hili nililisisitiza kuliko yote. Zimamoto wakiitwa kwa 114 watakuja mbio na kuunga mpira wao kwenye kitu chekundu cha kwanza watakachokiona. Kiwe cha kweli.

Alhamisi, 24 Aprili

Shimo la tanki limefika mita 2 na maji ya mvua yamefika mita 1. Pampu ya kunyonya tope imekodiwa. Hakuna zaidi.

Haidranti za zamani zimetolewa jana. Mzee aliomba risasi ya viungo tulivyovifumua, ana mpwa mvuvi Kigamboni, atazifanya chubwi za nyavu. Tulipima kwenye mizani ya majora: kilo 14 na nusu. Bosi akasema achukue, na nauli juu.

Kabla ya kuondoka, Mzee alinipa brashi na rangi nyeupe. Kwenye mfuniko wa chumba cha vali nimeandika mshale wa upande wa kufungulia, na chini yake: *mizunguko 21*.